Mohamed Amin: Jicho lililofunguliwa Dar es Salaam kwa picha nyeusi na nyeupe

JINA la Mohamed Amin linapotajwa, wengi hukumbuka Ethiopia ya mwaka 1984 na njaa iliyoonyeshwa katika televisheni karibu zote za dunia. Wengine humkumbuka kwa mkono wa bandia aliouvaa katika miaka ya mwisho ya uhai wake, au kwa ajali ya ndege iliyomuua karibu na visiwa vya Komoro mwaka 1996.

Wachache, hata miongoni mwetu wakazi wa jiji hili, hukumbuka kwamba mpigapicha huyo alijifunzia kazi yake Dar es Salaam akiwa mtoto wa shule, kwa kamera kuukuu ya kisanduku na filamu zisizo na rangi.

Vitabu vyake vikubwa vya picha za rangi, vyenye Wamasai, twiga, vilele vya milima na fukwe za mchanga mweupe, vilimpatia soko kubwa katika miaka ya 1980, lakini vimeifunika kazi yake ya mwanzo. Anayetaka kujua Amin aliutazamaje ulimwengu, anapaswa kurudi nyuma hadi kwenye picha nyeusi na nyeupe. Huko ndiko mtindo wake ulikozaliwa.

Amin alizaliwa Agosti 29, 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mwajiriwa wa reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam mwaka 1952, Amin akiwa bado mtoto mdogo.

Dar es Salaam aliyoikuta ilikuwa mji wa bandari uliogawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Oyster Bay kwenye upepo wa bahari, Wahindi wakajazana katikati ya mji juu ya maduka yao, na Waafrika wakaishi Kariakoo, Ilala na katika vitongoji vilivyokuwa vikipimwa upya kama vile Magomeni na Temeke. Ng'ambo ya mlango wa bandari kulikuwa na Kigamboni ya minazi, ngalawa na wavuvi, mahali ambapo mtu wa mjini alipaona kila siku lakini hakupafikia ila kwa chombo cha majini.

Kwa kijana mwenye jicho, mji wa namna hiyo ulikuwa shule. Ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu aliweza kupita mbele ya jumba la Gavana, soko la samaki, stesheni ya reli, misikiti, makanisa, na vibanda vya makuti.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, Amin alinunua kamera yake ya kwanza. Ilikuwa ni Box Brownie iliyokwishatumika na mtu mwingine, kwa bei ya shilingi 40. Fedha hizo hazikuwa kidogo kwa mtoto wa mfanyakazi wa reli.

Inafaa kueleza kidogo kamera hiyo ilifanyaje kazi, kwa sababu vijana wa leo wenye simu za mkononi wanaweza kudhani kwamba kamera yoyote ni kamera. Box Brownie ilikuwa kisanduku chenye lenzi sahili mbele na filamu nyuma. Haikuwa na namna ya kurekebisha umbali kwa usahihi. Kasi yake ya kufungua na kufunga mlango wa nuru ilikuwa moja tu. Filamu moja ilitoa picha nane, zikiisha zimeisha, na kila moja iligharimu fedha kuinunua na fedha tena kuisafisha.

Maana yake ni kwamba mpigapicha hakuweza kuitegemea mashine imwokoe. Ilimpasa ajue jua liko wapi. Ilimpasa asimame kwa umbali unaofaa, asiwe karibu mno picha ikawa ukungu, wala mbali mno mtu akawa nukta. Ilimpasa pia asubiri, kwani mtu anayekimbia angeacha kivuli tu kwenye karatasi. Mtoto aliyepitia mafunzo hayo hujifunza kufikiri kabla ya kubonyeza kitufe, na tabia hiyo haimtoki hata anapopata kamera ya bei kubwa.

Baadaye aliingia katika shughuli za upigaji picha shuleni, akapata nafasi ya kutumia kamera bora zaidi na chumba cha giza. Hapo ndipo alipokutana na nusu ya pili ya sanaa hii. Katika picha isiyo na rangi, kazi haimaliziki barabarani. Ndani ya chumba chenye taa nyekundu, mbele ya beseni la dawa, mpigapicha huamua uso uwe na giza kiasi gani, anga ibaki na mawingu au iwe tupu, na ukuta mweupe wa chokaa uonyeshe nyufa zake au uzifiche.

Nuru ya pwani yetu ni kali. Saa sita mchana jua la Dar es Salaam huchonga vivuli vyeusi chini ya kila mti na kila kofia, na kuta zilizopakwa chokaa humeta hata macho yakauma. Wapigapicha wageni waliokuja kutoka Ulaya mara nyingi walilalamikia nuru hiyo na kungoja jioni. Wenyeji hawakuwa na anasa hiyo, kwa sababu tukio la habari halingojei machweo. Hivyo wale waliokulia hapa walijifunza kukitumia kivuli chenyewe kama sehemu ya picha.

Katika kazi za Amin za miaka ya 1960 mtu huona matunda ya mafunzo hayo. Picha zake hazina utulivu wa studio. Mtu mkuu wa picha huwa karibu, wakati mwingine karibu kuliko adabu inavyoruhusu, lakini nyuma yake mahali huachwa paonekane. Kuna barabara, kuna ukuta, kuna mti, kuna watu waliosimama wakitazama. Hao watazamaji ni muhimu. Mpigapicha mwingine angewakata ili abaki na kiongozi peke yake, lakini mara nyingi Amin aliwaacha, na leo, miaka 60 baadaye, mtazamaji hujikuta akivutwa zaidi na hao wasio na majina. Wamevaa nini? Miguuni wana viatu au hawana? Baiskeli ile ni ya nani?

Hilo ndilo linaloyafanya mandhari ya kila siku katika picha nyeusi na nyeupe kuwa na thamani kubwa kadiri miaka inavyopita. Kiongozi tunamjua kutokana na vitabu, lakini mtaa uliokuwa nyuma yake hakuna aliyeuandika.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, Amin alikuwa kijana wa miaka 18 ambaye tayari alikuwa akiuza picha kwa magazeti. Mwaka 1963, akiwa hajatimiza au ndiyo kwanza ametimiza miaka 20, alianzisha hapa Dar es Salaam kampuni yake aliyoiita Camerapix.

Hakuna wakati uliokuwa bora zaidi kwa mpigapicha wa habari kuishi katika mji huu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1963. FRELIMO ilikuwa imeundwa hapahapa mwaka 1962. Wapigania uhuru, mabalozi, majasusi na waandishi wa kigeni walikunywa kahawa katika hoteli zilezile. Dunia ilikuwa imekuja mlangoni.

Kisha ukaja Januari 1964. Usiku wa kuamkia tarehe 12, Mapinduzi yaliiangusha serikali ya Sultani Zanzibar, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Desemba 10, 1963. Amin alikuwa miongoni mwa wapigapicha waliofanikiwa kuyaandika matukio hayo kwa kamera. Kabla vumbi halijatulia, tarehe 20 ya mwezi huohuo, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, na mitaa ya Dar es Salaam ikaingia katika ghasia na uporaji. Kijana huyo wa miaka 20 akajikuta anapiga picha mji wake mwenyewe ukiwa vitani.

Kwa wakati huo alikuwa ameanza kubeba kamera mbili, ya picha za mnato na ya sinema, na kutuma mikanda kwa mashirika ya habari ya nje, likiwamo Visnews la London. Mikanda hiyo nayo ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa kuwa televisheni zenyewe za huko hazikuwa na rangi. Uingereza ilianza matangazo ya rangi mwaka 1967. Dunia nzima, kwa hiyo, iliyaona mapinduzi na maasi ya Afrika Mashariki kwa rangi zilezile alizojifunza mtoto mwenye kamera ya shilingi 40.

Lakini picha ina wenyewe wasioipenda. Mwaka 1966 Amin alikamatwa Zanzibar, ambako kazi yake kuhusu uhusiano wa kijeshi wa visiwa hivyo na nchi za kambi ya kikomunisti ilikuwa imewaudhi wakubwa wa wakati huo. Alikaa gerezani Kiinua Miguu kwa karibu wiki nne, akateswa, na akatoka akiwa amekonda vibaya. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Baada ya hapo Dar es Salaam haikuwa tena makazi yake. Camerapix ilihamia Nairobi, na jiji hili likampoteza mpigapicha ambaye huenda ndiye mkubwa kuliko wote lililowahi kumlea. Huo ni ukweli ambao hauzungumzwi sana, pengine kwa sababu unatugusa sisi wenyewe.

Nairobi hakukawia. Julai 5, 1969, Waziri wa Mipango ya Uchumi wa Kenya, Tom Mboya, alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, sasa Moi Avenue. Amin alifika mapema, akaingia hadi ndani ya gari la wagonjwa, na kupiga picha jitihada za mwisho za kumwokoa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza.

Wapo waliouliza, na bado wanauliza, kama ni haki kuingiza kamera mahali mtu anapokata roho. Swali hilo lilimfuata Amin maisha yake yote, na si swali dogo. Jibu lake lilikuwa katika matendo. Aliamini kwamba lisiloonekana ni rahisi kukanushwa. Msomaji anaweza kutokubaliana naye, lakini ni vigumu kukana kwamba bila yeye kumbukumbu ya siku hiyo ingebaki maneno matupu.

Picha yake nyingine inayojulikana sana ni ya mwaka 1975 kutoka Kampala. Inamwonyesha Idi Amin wa Uganda, ambaye hawakuwa na undugu wowote, akiwa ameketi kwenye kiti kilichobebwa mabegani na wafanyabiashara wa Kizungu. Ni picha nyeusi na nyeupe, na hapa kukosekana kwa rangi kunaisaidia. Kama ingekuwa ya rangi, macho yangetangatanga kwenye mavazi na bendera. Bila rangi, kinachobaki ni umbo tu: aliye juu na walio chini, ngozi nyeusi ikiwa imebebwa na nyeupe. Mzaha wa kikatili wa mtawala yule kwa historia ya ukoloni umo wote ndani ya fremu moja.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Amin alihamia zaidi katika rangi. Alitoa kitabu cha picha za Hija mwaka 1978, kisha Cradle of Mankind kuhusu eneo la Ziwa Turkana mwaka 1981. Akishirikiana na mpigapicha Duncan Willetts alitoa Journey through Kenya mwaka 1982 na Journey through Tanzania mwaka 1984. Ni vitabu vizuri na vimeitangaza Afrika Mashariki kuliko matangazo mengi ya serikali. Hata hivyo, ndani yake mara nyingi mandhari huwa pambo. Mlima ni mzuri, ziwa ni zuri, na mtu amewekwa pale aongeze uzuri. Ule mvutano wa miaka ya 1960, wa mtu na mahali pake, umepungua.

Ulirudi kwa nguvu zote Korem.

Oktoba 1984, Amin alifika kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Ukame, vita na siasa za serikali ya Mengistu Haile Mariam vilikuwa vimewakusanya maelfu kwa maelfu ya watu katika uwanda wa Korem, nyanda za juu zenye baridi kali, wakiwa hawana chakula wala nguo za kutosha. Watu walikuwa wakifa kila siku.

Amin alianza kupiga picha alfajiri. Mtu akiutazama tena mkanda ule, atagundua kitu cha ajabu. Ingawa ni wa rangi, karibu hauna rangi. Kuna moshi na ukungu wa kijivu, kuna nguo zilizochakaa hadi zikafanana na udongo, kuna nyuso. Kamera inakwenda polepole sana juu ya uwanda, kama mtu anayetembea katikati ya waliolala akihofia kuwaamsha. Kisha inasogea karibu, inatulia juu ya mtu mmoja, inangoja. Haikimbii wala haitikisiki.

Ni mtindo uleule wa kisanduku cha shilingi 40: simama, tazama nuru, kaa karibu, acha mahali paonekane nyuma ya mtu, ngoja. Ustadi wake wote wa miaka 30 ulikutana na asubuhi hiyo moja.

Taarifa hiyo ya takribani dakika saba ilionyeshwa na BBC Oktoba 23, 1984, kisha ikarushwa na vituo 425 duniani. Inakadiriwa kwamba watu milioni 470 waliitazama. Mwanamuziki Bob Geldof alikuwa mmoja wao. Wimbo wa Band Aid ulitoka kabla ya mwaka kwisha, wanamuziki wa Marekani wakafuata na wao mwaka 1985, na Julai 13 mwaka huo tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia kwa pamoja.

Cha kushangaza ni kwamba wakazi wa Dar es Salaam, jiji lililomfundisha kazi, hawakuwa na kituo chao cha televisheni cha kuwaonyesha. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Mwaka 1984 wengi wetu tuliipata habari ya Korem kwa redio na magazeti, yaani kwa maneno, na kwa picha chache zilizochapwa kwa wino mweusi.

Sifa za kazi hiyo zimeandikwa sana. Lawama zake pia zisifichwe. Zipo hoja nzito kwamba picha za Korem ziliiacha dunia na sura moja ya Afrika, ya mtoto mwenye njaa asiye na jina wala sauti, na kwamba vita na sera zilizosababisha njaa zilisahauliwa katika wimbi la huruma. Serikali ya Addis Ababa iliendelea kuwahamisha watu kwa nguvu huku misaada ikimiminika.

Hoja hizo ni za kweli, lakini nyingi zinawahusu zaidi waliozitumia picha kuliko aliyezipiga. Ukitazama mkanda wenyewe, utawaona watu wenye heshima yao: mama anayemfunika mtoto, mzee anayekunja shuka lake, umati unaongoja kwa utulivu unaoumiza moyo. Umaskini wa kufikiri uliokuja baadaye haukutoka kwenye lenzi.

Juni 1991, baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, Amin alikuwa tena Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka. Mpiga sauti wake, John Mathai, aliuawa papo hapo. Amin alijeruhiwa vibaya na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Kwa mtu anayebeba kamera begani, hiyo ingekuwa hukumu ya kustaafu. Yeye alikwenda Marekani, akatengenezewa mkono wa bandia unaoendeshwa kwa umeme, na baada ya miezi michache alikuwa kazini. Mwaka 1992 Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE.

Novemba 23, 1996 alipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi, akiwa na Brian Tetley, mwandishi mwenzake wa vitabu vingi. Watu watatu waliiteka na kudai ipelekwe Australia, ingawa mafuta hayakutosha. Walionusurika walisimulia kwamba Amin alisimama kuzungumza na watekaji. Mafuta yaliisha juu ya Bahari ya Hindi, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuko wa Ngazija katika visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Tukio hilo lilinaswa kwa kamera ya mkononi na mtalii aliyekuwa ufukweni, na mkanda wake ukazunguka dunia kwa siku chache, kama ilivyokuwa imezunguka mikanda mingi ya marehemu.

Hazina ya Camerapix, yenye picha zaidi ya milioni mbili, ilibaki Nairobi chini ya uangalizi wa mwanawe, Salim Amin, na maelfu kadhaa kati ya hizo zimewekwa kwenye intaneti katika mradi wa Google wa sanaa na utamaduni. Za rangi ndizo hutazamwa zaidi. Lakini mkazi wa Kariakoo, Temeke au Kigamboni mwenye mzee nyumbani aliyekuwa kijana mwaka 1964, atafanya vyema kumketisha mbele ya zile nyeusi na nyeupe, amwombe asiwaangalie viongozi walio mbele, bali wale waliosimama nyuma.